Anapandisha Majengo ya Wengine, Sakafu ya Mama Ilisubiri Ruhusa

Saa mbili na nusu asubuhi, mvua ya Februari inapiga mabati ya Antananarivo, na Sahondra Rasoamiaramanana anapandisha shule nzima kwa sentimita arobaini na tano.

Shule yenyewe iko ng'ambo, katika mji ambao hajawahi kuuona na hategemei kuuona. Kwenye kioo cha kompyuta yake imesimama nyeupe, haina watoto wala kengele. Anagusa mstari wa sakafu ya chini, anafuta namba iliyokuwepo, anaandika nyingine, anabonyeza. Sakafu inapanda. Kuta zinaifuata, na paa nalo.

Milango miwili haifuati.

"Hii ndiyo kazi," anasema, uso wake ukiwa karibu kugusa kioo. "Kupandisha ni kubonyeza tu, hata wewe unaweza. Kazi ni kutafuta nani kabaki chini."

Milango ile imezama kwenye sakafu mpya hadi karibu na kitasa. Ngazi ya nje imepungukiwa kidaraja. Dirisha la jiko limepanda na ukuta, lakini sinki lililo chini yake limebaki lilipokuwa. Sahondra anavikamata kimoja kimoja na kuviweka mahali pake, bila haraka, kama mama anayewahesabu watoto baada ya ibada.

Anaeleza kwamba katika programu ya kuchora majengo kila kitu kimefungwa mahali. Ukuta umefungwa mguu kwenye sakafu na kichwa kwenye dari. Mchoraji akipandisha sakafu bila kukifungua kile kichwa, ukuta unafupika, na wenye nyumba wanapewa chumba cha kuingia kwa kuinama. Kompyuta hailalamiki. Inatii tu.

Sahondra ana miaka thelathini na minane, na kazi hii ameifanya tangu alipomaliza chuo cha ufundi. Ofisi yao iko ghorofa ya juu ya nyumba kongwe yenye roshani ya mbao, upande wa milimani, pale ambapo maji ya mvua hupita tu kuelekea kwa watu wengine. Wachora ramani ni kumi na wawili. Majengo wanayoyachora yote ni ya ng'ambo, kwa sababu huko mchora ramani ni ghali na hapa si ghali.

Kwa mwezi analipwa ariary laki tisa. Wengi mjini wangeushukuru mshahara huo, na yeye pia anashukuru, ingawa baada ya mchele, mkaa na ada ya binti yake Fitia, shukrani ndiyo inayobaki. Mumewe alikwenda Mahajanga kutafuta kazi. Huko alipata kazi, akapata na mke.

Jioni anashuka nyumbani, na kushuka ni kushuka kweli. Nyumba yao iko bondeni, kando ya tuta la mto Ikopa, katika mitaa ambayo zamani ilikuwa mashamba ya mpunga na kila Januari hukumbuka ilikuwa nini.

Uani kwao kuna nyumba mbili za matofali. Ya kaskazini ilijengwa na baba yao, marehemu mzee Ralaivao, na sasa anaishi humo kaka yake Sahondra, Benja, dereva wa lori wa miaka hamsini na mmoja. Ya kusini ni ya Sahondra, na ni baba huyo huyo aliyemjengea. Siku ya kuezeka, mzee Ralaivao alipanda juu na kamba, akapima mgongo wa paa la binti yake, akahakikisha uko shubiri moja chini ya paa lake.

Katika ukoo wao ndivyo ilivyo. Mkubwa hukaa kaskazini, mdogo kusini, na paa la mdogo halipiti la mkubwa. Mzee alishuka, akakunja kamba yake, akaenda kula. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, kwa sababu hakuna ambaye hakujua.

Sahondra aliishi kwenye nyumba hiyo pamoja na Fitia na mama yake, Bi Razafy. Kiharusi kilikuwa kimemchukua bibi huyo mkono na mguu wa kulia, na kikamwachia maneno machache. Kwa kuwa Benja hulala barabarani nusu ya wiki, akipeleka mizigo Toamasina, mgonjwa alitunzwa na binti. Wakati wa mvua walikiinua kitanda chake kwa matofali, maji yakipita chini.

"Watu huniambia, si mngeinua kitanda tu?" anasema Sahondra. "Tuliinua. Lakini mtu haishi kitandani kama kuku juu ya kiota. Ana haja zake. Anataka kukaa, anataka kugusa chini."

Mwaka jana, Januari, maji yalipanda mchana. Yalianza kwa kutoka kwenye mfereji, meusi, kisha yakaja mengine kutoka upande wa tuta. Fitia alikuwa shuleni. Sahondra alikuwa kazini.

"Siku ile nilikuwa napandisha hoteli," anasema. "Naikumbuka kwa sababu niliipandisha mara mbili. Mwenye nayo hakujua anataka nini."

Jirani yao, Bi Ravao, muuza vitumbua, ndiye aliyekwenda kumchungulia mgonjwa. Alimkuta ameanguka kutoka kitandani. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye matofali, maji yakiwa kifuani.

"Hakuwa analia," Bi Ravao anasimulia. "Alikuwa ameshika bakuli lake kwa ule mkono mzima, lisiende na maji. Nikamwambia, mama, liache hilo bakuli. Akakataa. Tulimbeba na bakuli lake."

Tangu siku hiyo kifua cha Bi Razafy hakikutulia. Daktari wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akamvuta Sahondra pembeni, akamwambia asimfiche: ukija msimu mwingine wa mvua kama huo, mama huyu hataumaliza. Dawa atapewa, lakini dawa yake kubwa ni pakavu.

Ndipo Sahondra alipoichora nyumba yake mwenyewe. Aliichora saa ya chakula cha mchana, kopo la wali pembeni, kwenye programu ile ile anayowapandishia watu wa ng'ambo. Aliipandisha sakafu kwa sentimita tisini, kimo ambacho maji hayajawahi kukifikia. Kuta zilipanda, paa likapanda, na nyumba ya mdogo ikawa imeipita nyumba ya mkubwa kwa sentimita sabini.

Akairudisha. Akalifunga paa lisitikisike, akaipandisha sakafu peke yake. Chumba cha mama kikabaki na kimo cha mita moja na nusu.

"Mimi ningeingia nimeinama, sawa," anasema. "Lakini mgonjwa hubebwa na watu wawili. Utambebaje mtu huku umeinama? Nilijaribu kila namna. Ikabaki kumwambia kaka yangu."

Alimwambia mwezi Machi, uani, Benja akiwa ameketi kwenye tairi bovu akijichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale, na wanayasimulia sawasawa.

"Kaka, nataka kuipandisha nyumba."

"Ipandishe huko kwenye kompyuta yako."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Paa lako litapita la Baba?"

"Litapita kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Kuna mtu anakanyagwa kichwa kidogo?"

"Mama alikaa kwenye maji, Kaka. Kifuani."

"Mlete kwangu."

"Kwako si maji yanaingia vilevile? Na wewe uko barabarani. Nani atamgeuza? Lori?"

Benja aliitupa njiti. "Baba alipima kwa kamba," alisema. "Sikupima mimi." Akaingia ndani.

Sahondra angeweza kujenga bila ruhusa yake, na alijaribu. Tatizo ni kwamba katika mitaa hii fundi haweki jiwe la kwanza mpaka mkubwa wa ukoo asimame uani na kunyunyiza maji ya baraka. Fundi wa kwanza aliyemwendea aliusikiliza mpango wote, akausifu, kisha akauliza kama mkubwa wao ameshanyunyiza maji. Wa pili aliuliza hilo kabla hata hajakaribishwa kiti.

Ni rahisi kumkasirikia Benja. Mtaani wengi walimkasirikia, kwa chinichini, huku wao wenyewe wasikubali kushika mwiko wa kujengea. Sisi wa hapa tuna uhodari huo. Tunamhurumia mgonjwa kwa moyo wote na tunamwachia mwingine aivunje desturi.

Miezi ikapita. Baridi ya Juni ikaja, kifua cha Bi Razafy kikazidi kukoroma, na Sahondra akawa anaamka kumsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto mchanga. Kazini aliendelea kupandisha maduka, kliniki, gereji. Wenzake wanasema alikuwa hacheki sana, na zamani alikuwa mcheshi.

Mwezi Agosti lilitokea kosa.

Kutoka ng'ambo ilikuja kazi ndogo: kiwanja kimoja kando ya mto, nyumba mbili, ya wazazi na ya mtoto wao wa kiume. Msanifu alikuwa ameandika vimo kwa mkono pembeni mwa mchoro. Sakafu ya kijana ilikuwa juu kuliko ya wazazi kwa mita nzima, na paa lake likawa limelipita lao.

Sahondra aliona namba imekosewa. Akaiteremsha nyumba ya kijana mpaka paa lake likakaa vizuri, chini kidogo ya paa la wazazi. Kisha akaishughulikia milango, ngazi na madirisha kwa uangalifu wake wa kila siku, akaupeleka mchoro kukaguliwa.

"Sikufikiri hata kidogo," anasema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Kama vile ukiona kofia ya mtu iko chini, unaiokota."

Mchoro ulikaguliwa na mwenzake. Ukakaguliwa na mkuu wa ofisi, Herizo, mtu ambaye huliona dirisha lililokwenda kando kwa upana wa kidole. Hakuna aliyeona kosa. Ofisi nzima iliitazama ile picha, mzazi juu na mtoto chini, ikaona nyumba mbili zilizokaa kama nyumba zinavyokaa.

Ng'ambo walikasirika. Waliandika kuuliza nani kawapa ruhusa ya kuteremsha, na kazi yote ikabidi irudiwe bure.

Herizo aliwaita wote kumi na wawili. "Nataka kujua jambo moja," anakumbuka kuwaambia. "Humu ndani kuna mtu aliyeona kosa akanyamaza?" Walitikisa vichwa. "Na mimi sikuona. Basi tumewafundisha adabu watu wasiotuomba."

Walicheka, kicheko kile cha watu waliokamatwa. Kisha Herizo akawasomea maelezo ya msanifu mpaka mwisho, na Sahondra akaacha kucheka. Nyumba ya kijana, iliandikwa, iliwekwa juu kwa ombi la baba mwenyewe. Mto ule hufurika. Baba alisema wao ni wazee na nyumba yao hawataki kuigusa, lakini wanataka maji yakiwazidi wawe na pa kukimbilia: kwa mtoto wao.

Sahondra alitoka kwenda kusimama roshani. Herizo alimfuata baada ya kitambo, akidhani analia kwa sababu ya kazi.

"Nilimwambia, mdogo wangu, kosa ni letu sote, usijiue," anasema Herizo. "Akaniambia, siyo kazi, bosi. Ni yule baba. Ndipo akanieleza habari za nyumba yao. Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo, nilikuwa sijui kwao kuna maji."

Jioni ile ile Sahondra alimsimulia kaka yake. Safari hii hawakuwa uani. Walikuwa chumbani kwa mama, Benja amesimama mlangoni na Bi Razafy amelala, macho wazi.

Benja alisikiliza yote. "Baba huyo yuko hai," akasema. "Anaweza kubadili neno lake. Wetu neno lake la mwisho ni kamba ile."

"Kwa hiyo tungoje nini? Afufuke?"

"Usinitusi, Sahondra."

"Sikutusi. Nakuuliza."

Ndipo Bi Razafy akasema. Maneno yaliyokuwa yamemsalia yalikuwa ya mahitaji: uji, shuka, mlango, majina ya watu. Hili hawakuwa wamelisikia kwake, si baada ya kiharusi wala kabla yake, na alikuwa mwanamke aliyezaa wanne na kuzika wawili.

"Naogopa," alisema.

Benja aliinamisha kichwa kidogo, akatoka bila kuaga. Alfajiri lori lake liliondoka.

Oktoba, baada ya safari nyingi, alirudi kutoka Toamasina na mbao mbili ndefu zilizofungwa juu ya mzigo. Hakumweleza mtu. Jumamosi alipanda kwenye paa la nyumba ya baba yao, akazigongomea penye ncha ya ukuta wa kaskazini, zikapishana na kuelekea juu kama pembe za ng'ombe. Pembe za namna hiyo zilikuwa kwenye nyumba za watukufu wa enzi za mababu. Kwenye nyumba ya dereva wa lori, bondeni, hakuna aliyewahi kuziona.

Watu walikuja kutazama. Bi Ravao aliweka beseni lake la vitumbua chini.

"Benja, sasa tukuamkie vipi, mtukufu?"

"Niamkie kama jana. Na unipe vitumbua, mtukufu ana njaa."

"Babu yako alikuwa akilima mpunga wa watu, namjua."

"Alikuwa mrefu, lakini."

Aliposhuka alimwita dada yake. "Pima," akamwambia.

"Nipime nini?"

"Mpaka ncha ya pembe. Lako likae shubiri moja chini ya hapo. Baba alitaka la kwake liwe juu. Haya, liko juu."

Sahondra hakujua acheke au alie. Alipima. Pembe zilikuwa zimeiongezea nyumba ya baba yao zaidi ya mita moja. Siku ile ile Benja alisimama uani amevaa shati lake la kanisani, akanyunyiza maji ya baraka kwenye kona nne za nyumba ya mdogo wake, na fundi akakubali kazi.

"Nilimshukuru," anasema Sahondra. "Lakini ilikuwa Oktoba. Angezigongomea Machi, Mama angelala pale miezi. Sitaki kulisema sana, lakini ndivyo."

Mafundi waliezua paa, wakapandisha kuta, wakajaza mawe na udongo mwekundu, wakamwaga jamvi la zege. Kwa wakati huo Bi Razafy alihamishiwa kwa mwanawe. Benja aliacha safari, akampa mwenzake lori, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama yake. Alijifunza kumgeuza, kumlisha na kumsafisha. Kila asubuhi alimwelezea ujenzi umefika wapi, na mama aliuliza neno moja tu: "Bado?"

"Nikamwambia, bado kidogo," anasema Benja. "Bado kidogo. Bado kidogo. Nilimwambia hivyo mpaka nikaona haya."

Saruji ya juu ya sakafu ilipakwa Jumamosi moja ya Novemba. Kesho yake, baada ya ibada, Sahondra alikuwa katika chumba kipya cha mama akiimwagia maji ili isipasuke. Alimwona kaka yake ametokea kwenye mlango wa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua. Alisimama tu, mikono imening'inia.

Sahondra aliweka kopo chini.

Mvua za mwaka huo zilikuwa hazijaanza. Bi Razafy alikufa pakavu, chini ya pembe, hatua chache kutoka kwenye sakafu yake.

Fundi alisema saruji bado mbichi, wangoje. Benja alisema mama ataingia. Walimpandisha kwa ngazi mpya, watu wawili, wamesimama wima, wakamlaza katika chumba chake. Miguu ya kitanda ikazama kidogo sakafuni. Majirani walikuja wakapanda, wakaketi, wakatoa rambirambi, wakala wali wa mafuta wa msibani, na wote walisema jinsi chumba kilivyo kizuri. Sahondra anasema maneno hayo ndiyo yaliyomuuma kupita yote.

Bi Razafy alizikwa kijijini kwao, kaburini mwa ukoo, kando ya mzee Ralaivao.

Maji yalikuja Januari, kama kawaida yao. Yalijaa uani, yakaizunguka nyumba ya kusini, yakapanda vidaraja vitatu vya ngazi na kukoma hapo. Sahondra alitandaza magazeti sakafuni katika chumba cha mama ili ahakikishe. Asubuhi aliyaokota makavu. Aliketi nayo mapajani, anasema, akahisi kama mtu aliyemaliza kazi ya mteja aliyekwisha kuondoka.

Kwa Benja maji yaliingia. Fitia alimwita mjomba wake kutoka juu, akamwona amesimama mlangoni mwake anakunywa kahawa, maji kwenye muundi.

"Mjomba, njoo juu."

"Niko sawa."

"Uko kwenye maji."

"Nimeshazoea. Endelea na masomo yako."

Siku mbili alishinda hivyo. Siku ya tatu Sahondra mwenyewe alikunja sketi, akavuka ua, akamshika mkono. Benja alipanda ngazi. Alivua viatu mlangoni, akaingia katika chumba cha mama, akaketi kwenye kitanda. Alipapasa sakafu kwa nyayo zake.

"Ni pakavu," alisema.

Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, hadi Fitia akaogopa na kutoka nje. Sahondra anasema hakuwahi kumwona kaka yake akilia, hata siku ya kumzika Baba. Hakumnyamazisha. Alikaa karibu naye, na yeye akalia yake.

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Leo, shule ya ng'ambo imekwisha kupanda na milango yake yote imepatikana. Ni saa ya chakula. Sahondra anafunua kopo la wali na kufungua mchoro mwingine: ua mmoja, nyumba mbili. Anagusa sakafu ya ile ya kaskazini, anaandika namba, na nyumba ya mzee Ralaivao inapanda sentimita tisini. Anatafuta kama kuna kilichobaki chini.

Mpango wake ni kuanza Aprili, mvua zikikatika. Mawe wameanza kuyakusanya, Benja huyaleta machache machache kila lori linaporudi bila mzigo. Na wakati wa baridi, kaburi litakapofunguliwa, kama ilivyo desturi, wafu wabadilishiwe sanda, watamweleza baba yao waliyoyafanya. Sahondra hajui watayaanzaje maneno hayo.

Mwandishi alimuuliza kwa nini anajitaabisha kumpandishia nyumba mtu aliyemchelewesha.

Alitafuna kwanza, akameza.

"Nina hasira naye bado, nisikudanganye," anasema. "Kuna siku nikiziona zile pembe nageuza uso. Lakini Baba hayupo, Mama hayupo. Kaka yangu nikimwacha kwenye maji, nitakuwa sina mtu juu yangu."

Jioni, bondeni, Benja alikutwa chini ya lori lake akipaka grisi. Alitoka, akajifuta mikono kwa tambara, akaitazama nyumba ya baba yake na zile pembe zake. Aliulizwa kama ameuona mchoro wa dada yake, na kama vimo vyake vimemridhisha.

"Vipimo ni vyake, mimi sivijui," alisema. "Nimemwambia kitu kimoja tu. Aanze na sakafu. Paa lisimame popote litakapofika."